Tairi la nyuma linasugua madigadi: mwongozo kwa wenye kruza

Maswali ni yaleyale. "Nikiwa peke yangu iko poa, nikimpakia mke wangu inasugua." "Nimefunga tairi pana, sasa kila tuta nasikia kwaruu." "Fundi anataka tukate madigadi, nimkubalie?" Jibu la hilo la tatu ni: bado, subiri kwanza upime.

Nazungumzia kruza, zile pikipiki za siti ya chini, miguu mbele, na madigadi kubwa ya nyuma iliyolifunika tairi karibu nusu. Bajaj Avenger, Yamaha Virago na Drag Star, Honda Shadow na jamaa zao. Mwenye Boxer hana shida hii, madigadi yake iko juu huko na tairi lake jembamba. Kruza ilibuniwa kwa lami iliyonyooka. Ukiileta kwenye matuta ya barabara ya Morogoro, ukampakia mtu na kiroba cha zabibu juu yake, ile nafasi ndogo iliyoachwa kiwandani inaisha.

Kabla ya yote, shika hili: tairi halisugui pikipiki ikiwa imesimama. Linasugua pale shokapu inapozama hadi mwisho. Watu wanachuchumaa uani na tepu, wanaona vidole vitatu vinapita kati ya tairi na bati, wanasema nafasi ipo. Hicho kipimo hakina kazi. Tunachotafuta ni nafasi inayobaki shokapu ikiwa imelala kabisa.

Na usiendelee kuiendesha hivyohivyo kwa sababu "inasugua kidogo tu". Ncha ya bolti inachana mpira. Waya za taa ya nyuma, ambazo kwenye kruza nyingi zinapita ndani ya madigadi, zinakatika bila wewe kujua, na usiku barabara ya Singida imejaa malori ambayo hayatakuona ukishika breki.

Vya kuandaa

- Spana za saizi za pikipiki yako, pamoja na spana ya toki (inayopima nguvu ya kukazia bolti) kama unaweza kuazima
- Jeki ndogo ya gari na vipande vya mbao imara
- Tepu au rula ya milimita, chaki na tochi
- Geji ya upepo (usitegemee ile ya mtu wa pancha, nyingi zimechoka)
- Bapa mbili za chuma, upana wa sentimita 3, unene wa mili 4 au 5
- Donge la unga wa ngano uliokandwa mgumu kama wa chapati, na mfuko laini wa plastiki
- Mtu wa kukusaidia, ikiwezekana yule yule unayempakia
- Kitabu cha pikipiki, au picha ya stika ya matairi iliyo kwenye swingamu (ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma) au karibu na cheni

Kazi ya kupima inakula nusu siku. Ianze asubuhi, tairi likiwa la baridi, maana jua la mchana la Dodoma linapandisha upepo ndani ya tairi na kukudanganya kwenye geji.

Hatua ya 1: Osha, halafu soma alama

Osha ndani ya madigadi mpaka bati lionekane. Vumbi letu jekundu likichanganyika na maji linaganda humo na kuficha kila kitu. Wakati mwingine tatizo lenyewe ndilo hilo: udongo mweusi wa mbuga, ule wa mashamba ya mpunga Bahi, ukikauka ndani ya madigadi unakuwa tabaka gumu, na tairi linasugua udongo, si bati. Kama ni hivyo, umeshamaliza.

Kisha washa tochi utafute mahali palipong'aa au palipokwanguka rangi. Alama ikiwa katikati, juu kabisa ya tairi, tatizo ni la juu na chini. Ikiwa upande mmoja tu, tairi halijakaa katikati au madigadi imepinda. Ikiwa pande zote mbili kwenye kingo, tairi ni pana mno. Mstari mwembamba mmoja unaozunguka tairi zima ni kazi ya ncha ya bolti. Weka chaki kwenye kila alama na upige picha, kwa sababu utahitaji kulinganisha baadaye.

Hatua ya 2: Soma namba za tairi

Linganisha kilichoandikwa ubavuni mwa tairi na kilichoandikwa kwenye kitabu au stika. Usilinganishe na tairi ulilolikuta wakati unanunua pikipiki, huenda mwenyewe wa kwanza ndiye aliyeharibu.

Chukua Avenger 220, ambayo nyuma inatoka na 130/90-15. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya huo upana, ya tatu ni inchi za rimu. Kwa hiyo kimo ni 130 mara 0.90, sawa na mili 117. Ukifunga 140/90-15, kimo kinakuwa mili 126. Tairi limepanda mili 9 kuelekea madigadi na limetanuka mili 5 kila upande. Ukifunga 150/80-15, kimo ni mili 120, yaani limepanda mili 3 tu, ila limetanuka mili 10 kila upande. La kwanza litakusugua juu, la pili litagusa kingo, au cheni kabla ya kingo. Sasa rudi utazame alama zako za chaki, utaona kwa nini nilikuambia uzichore.

Hizo ni hesabu za kwenye karatasi. Tairi la kampuni moja na la nyingine, namba zikiwa zilezile, linaweza kupishana kwa mili kadhaa. Na tairi pana likibanwa kwenye rimu nyembamba, mabega yanaingia ndani na mgongo unapanda juu, kwa hiyo linakuwa refu kuliko hesabu inavyosema.

Angalia pia namba ya uzito. 66 maana yake tairi linabeba kilo 300 likiwa na upepo wake kamili, 73 ni kilo 365. Usishuke chini ya ile ya kiwandani ukitafuta tairi dogo la kukwepa madigadi.

Hatua ya 3: Hakikisha gurudumu liko katikati

Pima kutoka ubavu wa tairi hadi swingamu, kushoto na kulia. Kwenye pikipiki nyingi pande hizo hukaribiana. Tofauti ikiwa kubwa, anza na alama za kukazia cheni: mara nyingi fundi amekaza upande mmoja zaidi na gurudumu limekaa mshazari. Virago kubwa na nyingine zinazotumia shafti badala ya cheni hazina jambo hili.

Inua gurudumu, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, beringi au bushi za swingamu zimekwisha. Lizungushe taratibu huku umeshikilia chaki karibu na mpira. Likienda na kurudi, rimu imepinda au spoki zimelegea. Yote haya yamalizwe kwanza, kwa sababu hakuna kipimo cha maana kwenye gurudumu linaloyumba.

Kuna moja watu wanalisahau. Cheni mpya inasogeza ekseli mbele, cheni iliyochoka inairudisha nyuma. Madigadi imejikunja kufuata duara la tairi, kwa hiyo sentimita moja ya ekseli inabadilisha nafasi mbele na nyuma. Ukibadilisha cheni jana na leo inasugua karibu na betri, jibu ni hilo.

Hatua ya 4: Jaza upepo, rekebisha shokapu, kisha mpakie mtu

Jaza upepo kama stika inavyosema kwa watu wawili. Kwenye shokapu mbili za nje, zungusha ile pete ya ngazi chini ya springi kwa usawa pande zote mbili. Ngazi za kushoto na kulia zikitofautiana gurudumu linasukumwa vibaya.

Pima kutoka ekseli hadi alama moja uliyoweka kwenye madigadi, mara tatu: gurudumu likining'inia hewani, pikipiki ikiwa chini bila mtu, na mkiwa mmekaa wote wawili na mzigo wenu wa kawaida. Kama kukaa tu kumekula zaidi ya nusu ya mwendo wote wa shokapu, springi zimechoka au mzigo umezidi. Angalia na mafuta kwenye mti wa shokapu (kile chuma kinachong'aa kinachoingia na kutoka kwenye silinda). Ikivuja imekufa, inuka ukanunue nyingine, kwa jozi.

Wengi huishia hapa wakiwa na furaha, kwa sababu kelele imekoma. Lakini kukaza springi hakuongezi hata mili moja ya nafasi kule chini. Kunafanya shokapu ifike mwisho mara chache zaidi, basi. Siku ukilikuta tuta lisilo na rangi pale Kibaigwa usiku, itafika.

Hatua ya 5: Pima shokapu ikiwa imezama kabisa

Hii ndiyo hatua yenyewe, na ndiyo mafundi wengi wanairuka kwa kuwa haina malipo.

Pima urefu wa shokapu kutoka katikati ya bolti ya juu hadi katikati ya bolti ya chini, gurudumu likiwa linaning'inia. Tuseme umepata mili 320. Mulika tochi katikati ya springi upime mti unaoonekana, kutoka kwenye silinda hadi kwenye kile kizuizi cha mpira. Tuseme mili 65. Kizuizi chenyewe kina kimo cha mili 20, na kikigongwa kwa nguvu kinabonyea karibu nusu, kwa hiyo ongeza 10. Jumla 75. Toa kwenye 320, inabaki 245. Huo ndio urefu wa shokapu iliyolala.

Mpelekee fundi chuma bapa zako mbili atoboe matundu mawili kila moja, mili 245 kutoka kati hadi kati (kwa namba zako, si hizi za mfano). Kisha:

a) Simamisha pikipiki wima kwa mbao chini ya fremu. Usiinue kwa ekzosi wala kwa kikombe cha mafuta. Funga breki ya mbele kwa kamba.

b) Weka jeki chini ya gurudumu la nyuma, iguse tu. Ndipo ufungue bolti za shokapu. Ukizifungua bila jeki, gurudumu linaanguka na kuvuta mpira wa breki.

c) Toa shokapu zote mbili. Panda na jeki pole pole, huku msaidizi anamulika ndani ya madigadi. Likigusa kabla matundu ya bapa hayajafika, simama hapo hapo. Usilazimishe. Umeshapata jibu, na pima zimebaki mili ngapi kufika.

d) Likifika bila kugusa, funga bapa mahali pa shokapu na uzungushe gurudumu kwa mkono. Pima nafasi juu, mbele, nyuma na pembeni. Angalia na waya, na cheni.

Mimi nataka ibaki mili 15 juu na 10 kila upande. Tairi linatanuka kidogo likikimbia, hasa haya ya kawaida yasiyo ya radial, na kokoto inayonasa kwenye kashata za tairi lazima ipite. Kama unaingia vijijini Desemba mpaka Aprili, taka zaidi, tope linahitaji njia ya kutokea.

Kama shokapu yako ni moja na imejificha chini ya siti, kama ya Drag Star, njia ya bapa ni ngumu. Tumia unga. Funga donge la unene wa sentimita 4 kwenye plastiki, libandike ndani ya madigadi juu ya tairi (bati liwe kavu, lisije likaanguka), lainisha mpira kwa sabuni ya maji, kisha pitisheni pikipiki juu ya tuta mkiwa wawili juu yake, mwendo wa kutembea, mara chache. Ukibandua donge, unene uliobaki ndiyo nafasi yako kwa mshtuko huo. Si sahihi kama bapa, maana tuta dogo halizamishi shokapu hadi mwisho, lakini ni bora kuliko vidole vitatu vya uani. Futa sabuni yote kabla ya kuondoka.

Hatua ya 6: Rekebisha, kwa kuanzia kilicho rahisi

*Bolti na waya.* Geuza bolti ili kichwa kilicho duara kiwe ndani upande wa tairi na nati iwe nje. Kata ncha zinazozidi. Funga waya upya kwenye kona ya madigadi kwa vishikizo vya bati. Zile kamba za plastiki zinakatika kwa joto na mtikisiko. Ni kazi ndogo, na kwa kruza ambazo hazijabadilishwa kitu chochote mara nyingi inatosha.

*Tairi la saizi yake.* Kama hatua ya 2 ilionyesha tairi ni kubwa, hapa ndipo pa kumalizia. Najua saizi za kruza ni adimu mjini hapa na muuzaji atakuambia "hili linaingia tu". Linaingia kwenye rimu, ndiyo. Agiza Kariakoo lije na basi, na kabla hujalipa omba picha ya ubavu. Soma namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 3522 ni wiki ya 35 ya mwaka 2022. Tairi lililokaa dukani miaka mingi usilichukue hata kwa bei ya kutupa.

*Shokapu nyingine.* Hapa watu wanapoteza hela. Wananunua shokapu ndefu, nyuma inapanda, wanafurahi, halafu inasugua vilevile. Kinachookoa tairi ni urefu wa shokapu ikiwa imelala. Shokapu ya mili 340 yenye mwendo mrefu inaweza kulala hadi mili 245 ileile. Muulize muuzaji urefu huo wa chini au upime mwenyewe dukani kwa njia ya hatua ya 5. Na usizidishe mili 20 juu ya ile ya kiwandani: cheni inabadilika mkazo, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, na stendi ya pembeni inakuwa fupi hadi pikipiki inalala vibaya. Ukishafunga, pima mlegeo wa cheni upya mtu akiwa amekaa juu.

*Kuinua madigadi.* Chongesha vipande vya bomba nene kwa fundi wa mashine, vya urefu sawa, uweke kati ya madigadi na fremu, na bolti ndefu zaidi zenye alama 8.8 kichwani. Usirundike washa sita moja juu ya nyingine, zinalegea na bolti inapinda. Mili 10 inawezekana kwenye nyingi. Ukikaribia 15, siti inaanza kukataa kufunga.

*Kukata.* Mwisho kabisa, na kingo tu. Ule mkunjo wa ukingo ndio unaoipa bati ugumu. Ukiuondoa wote, madigadi inatetemeka na kupasuka kwenye bolti. Ifungue kabisa utoe kwenye pikipiki. Toboa tundu la mili 5 pale mkato unapoishia ili ufa usiendelee, kata, piga tupa, piga rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi yake. Madigadi ya plastiki ikatwe kwa msumeno wa mkono, grainda inaiyeyusha.

Kamwe usikate vile vyuma vya pembeni vinavyobeba madigadi. Kwenye kruza nyingi ndivyo vinavyombeba abiria wako. Na fundi asichomelee chochote madigadi ikiwa bado kwenye pikipiki, na tangi la mafuta liko pale na betri imeunganishwa. Akisema "nachomelea sekunde moja tu", beba pikipiki yako uondoke.

Hatua ya 7: Rudia kipimo, kisha barabarani

Rudisha bapa, zungusha gurudumu, pima tena. Kisha funga shokapu, kaza kila kitu kwa toki ya kitabu, jaribu taa ya nyuma, breki na indiketa. Paka chaki ndani ya madigadi pale palipokuwa na alama. Endesha peke yako kwanza, halafu mkiwa wawili, kwenye matuta unayoyafahamu, mwendo wa 20. Chaki ikifutika, rudi hatua ya 5. Baada ya kilomita 100 kaza bolti za madigadi tena.

Ikikataa

*Inasugua kwenye kona tu.* Tazama bushi za swingamu na beringi kabla ya kulaumu tairi. Kwenye rimu za spoki, gonga kila spoki kwa spana ndogo. Inayotoa mlio mzito imelegea.

*Inasugua mbele, karibu na betri, kwingine hapana.* Ekseli iko mbele mno. Huenda cheni imekatwa fupi kwa pingili moja.

*Alama iko upande mmoja na gurudumu liko katikati.* Madigadi au vyuma vyake vimepinda. Pima kutoka kila chuma hadi kwenye fremu. Kama pikipiki iliwahi kugongwa nyuma, fremu yenyewe ipimwe kabla hujanunua kifaa kingine chochote.

*Kelele ipo lakini chaki haifutiki.* Si tairi na madigadi. Angalia kinga ya cheni, kibao cha namba kinachopiga tairi kwa chini, na kamba za mzigo. Kamba ya mpira inayoning'inia kutoka kwenye keria hutoa mlio huohuo, na hiyo ifunge leo hii, ikijizungusha kwenye gurudumu inalifunga.

*Ilikuwa sawa, imeanza baada ya pancha.* Aliyeziba amerudisha gurudumu bila kufuata alama za cheni, au bushi za ekseli zimebadilishana pande. Rudi hatua ya 3.